Mgonjwa wa Kila Jumamosi

Poni Yangi amekufa mara nne kwenye televisheni, na mara zote nne mimi ndiye niliyempaka rangi ya kufa. Majivu kidogo ndani ya losheni, poda nyeupe juu ya midomo, basi. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba huyu ninayemsimulia namfahamu kuliko wote wanaomtazama, na anayetaka kubisha apande ngazi za studio yetu Hai Jalaba, juu ya duka la masufuria, aniulize mimi Nyaboth.

Igizo letu linaitwa Wadi ya Sista Amou. Linaonyeshwa Jumamosi jioni, kwa Kiarabu cha Juba, na Jumapili asubuhi watu wanalijadili nje ya kanisa huku mahubiri yakiwasubiri ndani. Kila wiki analetwa mgonjwa mmoja na ugonjwa wake, Sista Amou anamkaripia kwa kuchelewa kuja hospitali, daktari anakuna kidevu, na mwisho mgonjwa anapona au hafiki Jumapili. Mgeni asichojua ni kwamba mgonjwa huyo ni mtu yuleyule kila wiki. Dairekta wetu, Constantine, alipoanza hakuwa na waigizaji wa kutosha. Akaamua manesi na daktari wasibadilike, kwa kuwa hao ndio watazamaji wanaotakiwa kuwazoea, na mgonjwa abadilishwe wigi tu. Kwa hiyo wiki hii Poni ni mjamzito mwenye shinikizo la damu, wiki ijayo ni mwanafunzi mwenye kifua kikuu, halafu anakuja akiwa bibi kizee wa kisukari mwenye kidole kilichooza. Ameugua kalaazar, homa ya manjano na mawe ya figo, na ameumwa na nyoka. Kile kidonda cha nyoka nilikitengeneza kwa karanga ya kusaga na rangi ya keki, na nzi wa Hai Jalaba wote walikuja kushuhudia.

Watazamaji hawajalalamika hata siku moja. Wanachosema ni kwamba huyu msichana ana bahati mbaya.

Na wanamhurumia kwelikweli. Poni ana cherehani yake soko la Jebel, anashona sare za shule na majoho ya kwaya, na kila Jumatatu hana budi kupokewa na ugonjwa wake wa Jumamosi. Baada ya kisukari, mama mmoja wa mboga alimletea majani ya mlonge wiki nzima. Baada ya kifua kikuu, jirani yake anayeuza sola alihamisha kiti chake mbali, halafu wiki iliyofuata akakirudisha na kuomba radhi, kwa kuwa alikuwa amemwona kwa macho yake amepona na sasa anaumwa figo. Kina mama wa kanisani ndio wabaya zaidi. Hao huja na sufuria la uji, wanamwekea mikono kichwani na kukemea ugonjwa wa wiki iliyopita kwa jina lake kamili.

"Wee Poni, mbona huwaambii hizi ni story tu?" nilimwuliza siku moja, tumekaa na huo uji.

"Wanajua," alinijibu. Poni alilelewa kambini Adjumani, Kiswahili chake ni cha Uganda na hakijali ngeli hata kidogo. Mimi niliyesomea Eldoret nilishaacha kumsahihisha. "Wanajua, lakini roho yao inasahau. Basi mimi nakula. Uji yao iko tamu."

Ndivyo alivyo. Ana shingo ndefu, sauti ya kusikika meza tatu mbali, na anatembea sokoni kama mtu anayekuja kudai kodi. Hata kazi hii hakuiomba. Alikuja studio kuwapima manesi sare zao, na mwanamke aliyepangwa kuugua malaria siku hiyo hakutokea. Constantine, amekasirika, akanyoosha kidole kitandani: "Wewe wa tepu, lala hapo utetemeke." Poni akavua viatu, akalala, akavuta shuka hadi kidevuni, kisha akauliza kama wanataka malaria inayoanza au ile ambayo imeshamchosha mtu. Constantine alicheka mpaka akasahau hasira. Tangu siku hiyo hatujatafuta mgonjwa mwingine.

Jambo moja tu aliniagiza tangu siku ya kwanza. Mkono wake wa kulia una kovu la moto, pana, kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, ngozi imejikunja na kung'aa.

"Hii funika," alisema. "Kila siku. Hata kama ugonjwa iko ya tumbo."

"Mafuta ya moto?"

"Jiko."

Nikafunika. Mwanamke mwenye alama ya jiko si habari, na mimi kazi yangu ni poda.

Sasa ikafika wiki ya kifafa. Kila andiko letu hupitiwa kwanza na daktari wa kweli, Daktari Malith, kijana mpole anayetusaidia akitoka zamu. Yeye alikuwa ameandika vizuri: mgonjwa akianguka, asogezewe mbali vitu vya kumwumiza, awekewe kitu laini chini ya kichwa, ageuzwe upande, asitiwe chochote mdomoni, na watu wangoje. Constantine akasoma, akaona usingizi. Akataka povu. Akataka mchungaji wa kupunga pepo. Na zaidi ya yote akataka kijiko, Sista Amou amtie mgonjwa kijiko katikati ya meno.

"Kijiko hapana," Poni akasema.

"Watu wanajua kijiko. Wasipokiona watasema sisi hatujui kazi."

"Waseme. Kijiko hapana."

Walibishana mpaka jenereta ikazimwa kuokoa mafuta. Sijawahi kumwona Poni akigombania andiko. Alikwisha kufa mara nne bila kuuliza hata azikwe wapi. Mwishowe pepo likaondolewa, mchungaji akarudishwa kwao, lakini kijiko kikabaki, maana mwenye kamera ndiye mwenye neno.

Akaanguka. Sijui niieleze vipi ile kuanguka. Haikuwa na madoido. Alisimama karibu na kitanda, akatazama pembeni kama aliyeitwa, na mwili ukaondoka chini yake. Mtu wa kamera aliacha kutafuna. Constantine alipopiga kelele ya kumaliza, Poni akainuka, akapangusa sketi, akakitema kijiko kwenye beseni na kuja chumbani kwangu. Nilimkuta amekaa, mikono juu ya magoti.

"Hiyo umeitoa wapi?" nikamwuliza.

"Kwa mwili yangu."

Nilidhani anajisifu, na kujisifu ni kawaida yake. Kisha nikaona hacheki. Akanieleza. Alianza kuanguka akiwa mtoto Adjumani, na kovu lile ni la siku aliyoachwa aangalie maharage jikoni. Baba yake mdogo, Emilio, ndiye aliyemvuta kutoka kwenye makaa. Baadaye akapata dawa, kidonge asubuhi na kidonge jioni, na ikapita miaka mingi bila kuanguka. "Lakini mimi sijawahi kuona mimi nikianguka," alisema. "Mtu hawezi kuona. Niliangalia wengine, kwa laini ya dawa. Nilisema, kumbe niko hivyo. Leo nimefanya kama wao."

"Nani anajua?"

"Baba mdogo. Lomoro. Sasa wewe."

Lomoro ni mchumba wake, dereva wa tangi la maji. Mtu wa maneno machache na mashati mengi. Niliogopa, na nilimwambia naogopa. Eldoret nilisoma na msichana wa kifafa, tulimtengea kikombe. Poni akachukua kikombe changu cha chai, akanywa nusu, akanirudishia akinitazama. Nikamalizia. Mambo yakaisha hapo.

Igizo la kifafa lilipendwa kuliko yote. Jumatatu watoto wa Jebel walikuwa wakicheza kuanguka, mmoja mgonjwa, mmoja Sista Amou, na vijiko vya nyumbani vikapotea. Kina mama walikuja na uji wao. Mzee mmoja alimwambia Poni kwamba ameona watu wengi wa kifafa maishani mwake, lakini hakuna aliyemfikia yeye. Poni akasema asante.

Kisha dawa ikakosekana. Zahanati anayokwenda ilikaukiwa, maduka nayo yakasema njoo wiki ijayo, na Poni, bila kumwambia mtu, akaanza kuvunja vidonge vilivyobaki nusu kwa nusu. Mimi nilikuwa pale siku yalipomkuta. Nilikwenda Jebel mchana anirekebishie zipu, nikamwona amesimama nyuma ya cherehani, joho la kwaya begani. Akatazama pembeni kama aliyeitwa.

Sokoni wakapiga makofi.

Nataka hilo lieleweke. Mwanamke ameanguka chini kati ya meza na ukuta, kichwa kinagonga chuma cha cherehani, na watu wanapiga makofi. Walitoka kwenye masola, kwenye viazi, kwenye nyanya, simu juu. "Kamera iko wapi?" wakaulizana. "Constantine, toka, tumekuona!" Na mama anayeuza mayai ya kuchemsha, mwanamke mwema ambaye angempa Poni figo yake mwenyewe Jumatatu ile ya figo, akaja mbio na kijiko chake cha chumvi, uso umejaa furaha, akajifanya Sista Amou. Nilisikia jino likivunjika.

Nilivua kiatu. Sitasema ni nani niliyempiga, ila wapo wanaochechemea. Niliwasukuma, nikaburuta cherehani pembeni, nikamlaza Poni ubavu, nikamtia bunda la sare chini ya kichwa, nikawatukana wote kwa Kinuer, ambacho hawakijui, na kwa Kiarabu, ambacho wanakijua. Walidhani na mimi nimo. Wakanipigia makofi na mimi. Alipofumbua macho wakashangilia, mtu akaleta soda, na yule jirani wa sola akasema, "Leo umetuonyesha bila televisheni!"

Tulikaa nyuma ya kibanda mpaka watu wakachoka. Poni akapitisha ulimi kwenye pengo, akatema damu.

"Walipiga makofi?"

"Ndio."

Akacheka. Akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akajifuta kwa lile joho la kwaya. "Siku moja nitakufa," akasema, "na wao watasema, huyu ni mkali."

Lomoro alikuja na tangi lake lingali linavuja maji. Alimtazama jino, akanitazama mimi, akakaa chini kwenye vumbi na shati lake zuri. Daktari Malith nilikuwa nimeshampigia, naye akaahidi kutafuta dawa mwenyewe, na ahadi hiyo aliitimiza. Lakini Poni hakuwa akifikiria dawa.

"Nitawaambia," alisema. "Soko yote. Na watu yako, Lomoro."

"Ngoja kwanza," Lomoro akasema. Wazee wake walikuwa wanakuja nyumbani kwa Emilio kujitambulisha, siku yenyewe ilikuwa imeshapangwa. "Sisi tumepata bahati, Poni. Kila mtu ameona, na kila mtu anaamini ni mchezo. Hata ukianguka mbele ya mama yangu ataamini ni mchezo. Wacha tuoane. Halafu pole pole tutasema."

Mimi nilimuunga mkono. Nilijua wazee wanavyoogopa kifafa. Wapo wanaosema kinaambukiza kwa mate, wapo wanaosema kinarithiwa na watoto wote, na wapo wasiosema kitu, wanachukua kofia zao na kuondoka. Nikamwambia asivunje nyumba yake kabla haijajengwa. Alitusikiliza sote wawili vizuri, kichwa kimeinama, kama anavyosikiliza wateja wanaotaka suruali iwe tayari jana.

"Na nikianguka kwa jiko ya mama yako," akamwuliza Lomoro, "atafanya nini?"

Lomoro akaanza kukung'uta vumbi kwenye shati.

"Atapiga makofi," Poni akasema. "Na mimi nitaungua."

Siku ya wageni nilikwenda mtaa wa Juba Na Bari mapema, nyumbani kwa Emilio, nikiwa na mkoba wangu wa kazi. Nilimpamba. Nilimpa uso uliokuwa wake hasa, maana kwa kuwa na kazi ya kumfanya mgonjwa kila wiki nilikuwa na hamu ya kuonyesha jinsi alivyo mzima. Mkono nilimfunika kovu kwa tabaka tatu. Hakusema chochote juu ya ule mpango wake, na mimi sikuuliza, nikajipa moyo kwamba amebadili nia.

Wageni wakaingia. Wazee wanaume wa upande wa Lomoro walikaa kwenye viti vya plastiki, lakini mwenye mkutano alikuwa shangazi yake, Mama Rejoice, mwanamke mpana aliyeuza samaki Koboko, Uganda, miaka ya ukimbizi na kurudi na Kiswahili cha soko la huko. Kwa heshima yangu mimi niliyekuwa mgeni wa kabila jingine, akasema mazungumzo yaende kwa Kiswahili na Kiarabu. Kabla ya kukaa aliomba kumwona Poni kwa karibu, si kama mkwe bali kama mtu wa televisheni. Alimshika mashavu. "Wewe! Kwa figo wewe uliniliza machozi!"

Kwao kuna desturi. Kabla ng'ombe hawajatajwa, kabla ya jambo lolote, shangazi wa mwanaume anauliza nyumba ya mwanamke ina ugonjwa gani. Anauliza mbele ya watu, na anajibiwa mbele ya watu. Msichana wakati huo yuko ndani, hasemi.

Mama Rejoice akauliza. "Emilio, ndugu yangu. Nyumba hii iko na ugonjwa gani?"

Emilio ni fundi wa baiskeli, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Aliivuta kofia hiyo hadi kwenye nyusi. Kisha akatabasamu. "Shangazi," akasema, "unauliza nini? Binti yetu ana magonjwa yote. Kila Jumamosi!"

Ua mzima ukalipuka. Wazee walipiga mapaja, Mama Rejoice akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, na Lomoro akashusha pumzi ambayo nadhani aliishikilia tangu asubuhi. Nami nilicheka. Lilikuwa jibu zuri mno, kila mtu angeweza kulikalia maisha yake yote.

Pazia la mlango likasogea, Poni akatoka.

Alibeba beseni na jagi la kunawisha wageni mikono, kwa hiyo kwa muda mfupi watu walidhani ni adabu tu. Alipofika mbele ya Mama Rejoice akapiga magoti, akaweka beseni chini, na hakumwaga maji.

"Shangazi, baba mdogo anaogopa kwa sababu ananipenda," akasema. "Mimi iko na kifafa. Ya kweli. Tangu mtoto."

Wazee wakatazamana. Kisha Mama Rejoice akaangua kicheko, mkono kifuani. "Huyu mtoto! Hata leo! Hata mbele ya wazee!" Akapiga makofi, na wengine wakafuata. Mzee mmoja alisema kwamba msichana huyu lazima apelekwe Kampala, Juba ni ndogo kwake.

"Mimi sichezi, Shangazi. Niko na kifafa."

Makofi yakazidi. Alikuwa ameweka ile sauti yake ya kawaida, shingo imesimama, na jinsi alivyokuwa anasema kweli zaidi ndivyo walivyoona anacheza vizuri zaidi. Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Emilio akasimama. "Poni, ingia ndani. Tafadhali."

Hakuingia. Aligeuza kichwa, akanitafuta kati ya wanawake mpaka akanipata.

"Nyaboth," akasema. "Leta pamba."

Nilijua anataka nini, na miguu yangu haikutaka. Kazi yangu yote kwake ilikuwa kufunika. Nilimtazama Lomoro, naye alikuwa akitazama viatu vyake. Nikaufungua mkoba, nikatoa pamba na chupa ya mafuta, nikaenda kupiga magoti kando yake, na Poni akanyoosha mkono wa kulia juu ya beseni.

Nikafuta. Tabaka la kwanza likatoka la kahawia kwenye pamba, la pili likatoka, nikachukua pamba nyingine. Sikufanya haraka. Kovu likaanza kuonekana kwenye kifundo, likapanda, lile kunyanzi la ngozi linalong'aa, mpaka karibu na kiwiko. Makofi yalipungua kadiri nilivyopanda. Mwisho alibaki mzee mmoja asiyeona vizuri, naye jirani yake akamshika mikono.

Mimi wa Eldoret nilipoliona kovu hilo mara ya kwanza sikujua lina maana gani. Lakini wanawake wote wazee waliokuwa pale walijua, kwa sababu wamezika na kuuguza watu wa namna hiyo, na wanajua moto huwapata wapi na kwa nini. Mama Rejoice aliinama, akauchukua ule mkono, akaugeuza upande wa pili.

"Ni jiko," alisema.

"Jiko ya mkaa. Nilikuwa naangalia maharage."

Mzee mmoja, baba mkubwa wa Lomoro, akainuka. Akachukua kofia yake. Alisema kwa upole kabisa kwamba haya ni mambo ya kuzungumzwa siku nyingine, akatoka getini, na mwenzake akamfuata. Tukasikia pikipiki ikiwaka. Iliniuma moyoni kama wameniacha mimi. Poni hakugeuka kutazama.

"Lomoro," Mama Rejoice akaita, bila kuuachia ule mkono. "Ulijua?"

"Nilijua, Shangazi."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Mjinga!" Na sauti hiyo ilivuka ua mpaka barabarani. "Wewe ungeniletea mtoto wa watu nyumbani kwangu, aanguke kwenye jiko langu, na mimi nimesimama hapo nampigia makofi? Mimi? Mtu mzima? Ungeniacha nimwue mke wako huku nacheka?"

Mama Rejoice akageuka kwa Poni. Uso wake ulikuwa umebadilika, ile furaha ya televisheni imeondoka, amebaki mwanamke wa samaki anayetaka kujua bidhaa inahifadhiwaje.

"Ukianguka," akauliza, "sisi tufanye nini?"

Poni akainua uso. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, kwa kicheko, kwa pikipiki, kwa kofia. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa. Mdomo ulifunguka, pengo la jino likaonekana.

"Naweza kuonyesha," akasema.

Mkeka ukaletwa. Poni akajilaza chali katikati ya ua wa baba yake mdogo, na gauni lake jipya, mbele ya watu waliokuja kumchagua.

"Kijiko kiko wapi?" Mama Rejoice akauliza.

"Kijiko hapana, Shangazi."

"Lakini Sista Amou—"

"Sista Amou alikosea," nikasema mimi, maana nilikuwa nimeshikilia hilo tangu soko la Jebel.

"Kitu mdomoni hapana," Poni akasema akiwa pale chini. "Kunishika kwa nguvu hapana. Toa jiko, toa kiti. Ngoja mwili ichoke. Kama haichoki haraka, hospitali. Ikichoka, nigeuze."

"Wewe, Lomoro. Ulijua, si ndiyo? Njoo tuone kama ulijua."

Lomoro akaja. Alipiga magoti vumbini, akaweka mkono mmoja chini ya shavu la Poni na mwingine kwenye nyonga, akamgeuza ubavu taratibu, akamkunja goti, akamweka kichwa vizuri. Ilionekana wazi kwamba Poni alikuwa ameshamfundisha, na si mara moja. Emilio alivua ile kofia ya sufu akajifunika nayo uso.

"Mrudishe," Mama Rejoice akasema. "Na mimi nijaribu."

Akavua viatu. Magoti yake yalilia wakati wa kushuka, wanawake wawili wakataka kumshika, akawafukuza kwa kiwiko. Akaweka mkono chini ya shavu la Poni, akavuta nyonga, akakosea, akaanza upya, akamgeuza. Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wamekwisha kusogea, wanasubiri zamu yao.

"Hivi?"

"Hivi."

"Halafu?"

"Halafu unakaa na mimi. Nikiamka sijui niko wapi. Unaniambia."

Mama Rejoice akakaa. Mkono wake mkubwa ulikuwa juu ya bega la Poni, na Poni alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka pembeni na kuharibu kazi yangu yote ya asubuhi. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama akakohoa, akainama karibu na sikio lake, akajaribu.

"Uko Juba Na Bari," akamwambia. "Uko kwa Emilio. Mimi ni shangazi yako."